Majani Uliyoyafunga Mtaroni

Mama Alini,

Haruna wa garaji amekuja leo asubuhi na jembe begani, na nataka ujue kwamba sikumpasua kichwa. Mkono ulitaka. Nilikuwa mtaroni nimeinama na panga lako, ule muhoro, yeye ameinama juu ya ukingo, shingo yake iko wazi mbele yangu. Nikamwonyesha pale udongo ulipo mweusi kuliko mahali pengine, pale mafuta yake yalipotuama, nikamwambia aanze hapo na asinisemeshe. Akaanza. Amelima mpaka adhuhuri, akaenda kuswali, akarudi akaendelea.

Ungekuwepo ungenicheka. "Mama Sudi, we moyo yako iko karibu sana na mikono." Ndivyo ulivyokuwa ukiniambia kila nilipogombana na mtu, na ni kweli. Ndiyo maana naandika. Nikikusemesha kwa mdomo napiga kelele, na Alini yuko hapa uani anafua, anasikia kila kitu. Barua hii sina pa kuipeleka, lakini kuna mambo yametokea tangu walipokuua na mtu wa kumwambia ni wewe tu.

Unakumbuka ulivyofika kwangu? Ni siku vifaru vya jeshi vilipoingia mtaa wa Kamenge. Watu walishuka na magodoro na masufuria vichwani, wengine wana damu kwenye nguo, wengine wanaita majina ya watoto wao. Wewe hukubeba godoro. Ulimbeba Alini mgongoni na mkononi una muhoro, hilo panga lenu la mlimani lenye ncha iliyopinda, na watu wa mtaa wetu wa Buyenzi wakawa wanakukwepa njiani. Mwanamke na panga, siku kama ile! Nilikuwa mlangoni nachambua mchele, nikakuuliza unamtafuta nani ukamkate. Ukasema, "Apana mama, mi natafuta maji ya mutoto." Nikakupa maji. Halafu nikakupa chumba cha nyuma, kile ambacho marehemu mume wangu alikuwa akiweka vipuri vya magari. Kuna majirani walioniambia nimejiletea matatizo ndani, kwamba kila mtu wa Kamenge ni wa waasi. Niliwajibu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na Mungu anisamehe, sijayajutia mpaka leo.

Kesho yake ulitoka nje, ukasimama unautazama mtaro wetu. Mabingobingo yamepita urefu wa mtu, ndago imejaa chini, mifuko ya plastiki na mbwa aliyekufa. Ukauliza mwenye mtaro ni nani. Nikacheka, nikakwambia ni wa serikali. Ukaniangalia kama nimekwambia wanangu ni wa serikali.

Sisi watu wa Buyenzi tunajua injini. Tunajua gia, breki, radiyeta iliyotoboka. Majani hatuyajui. Dawa yetu ya majani ilikuwa moja tu, vidanje, yale mafuta machafu yanayotolewa kwenye injini. Unachanganya na mazutu kidogo, ile dizeli ya malori, unamwaga, unatia kiberiti, jioni mtaro ni mweusi na kila mtu anarudi kwenye kazi yake. Kwamba maji ya mtaro huo huo yanashuka mpaka kwenye bustani zetu za mboga za lengalenga karibu na mto Ntahangwa, na kwamba tunazila, hilo hatukulifikiria. Tulikuwa tunashangaa tu kwa nini mboga za pale chini zina ladha ya garaji.

Wewe ulianza peke yako. Ulikuwa unakata majani yakiwa bado laini, kabla hayajachanua, na hukukata mpaka chini. Nilipokuja kukusaidia nikawa nang'oa mpaka mizizi ya ukingoni, nikijiona hodari, ulinipokonya jembe. "Apana, apana! Ukingo acha na mizizi yake, ndiyo inashika udongo. Jembe ni ya chini, mahali maji inapita." Majani yaliyokatwa ukayatandika juu ya ukingo, mazito, ili mbegu zilizobaki zisione jua, kama mlivyokuwa mkifunika kahawa kwenu. Halafu ukapanda matembele. Yanatambaa, hayasimami, yanafunika udongo magugu yakose pa kutokea, na majani yake tunapika. Sudi wangu alisema huyu mama ameufanya mtaro kuwa jiko. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Siku za risasi tulikuwa tunalala humo. Sijui kama watu watakaozaliwa baadaye wataamini, kwamba mtaro wa barabarani ulikuwa nyumba yetu ya pili. Milio ikianza upande wa Kamenge au kutoka milimani, tunaruka ndani, watoto chini, sisi juu yao, risasi zinapita zinakata matawi. Na kwa kuwa ulikuwa umesafisha, mtu alilala kwenye udongo na majani makavu, si kwenye kinyesi na chupa. Mama Mariamu, yule jirani mwenye mbuzi, alikuwa anasema huu ndio mtaro pekee wa Bujumbura ambao mtu anaweza kufia ndani bila aibu. Tulikuwa tunacheka maneno kama hayo. Tulikuwa tumeharibika.

Na yule mtu tuliyemkuta asubuhi ile, nakumbuka alivyokuwa. Umepiga muhoro kwenye majani, umesikia umegusa kitu laini, ukasimama. Mikono yake ilikuwa imefungwa nyuma kwa kamba ya viatu na uso haukuwepo. Mimi nilikimbia nikatapika kwenye mlango wa watu. Niliporudi, ulikuwa umeshamfunika na majani mabichi, vizuri, kutoka kichwani mpaka miguuni, unasali kwa Kirundi. Nikakuuliza unamjua? Ukasema, "Mi simujue. Lakini mutu halali wazi." Ndipo tukaenda kuita watu.

Sasa nakuja kwa Haruna, maana yeye ndiye amenifanya nishike kalamu.

Siku waasi waliposhuka asubuhi na mto, walipita ndani ya mabingobingo ya Ntahangwa wakatokea ubavuni mwa avenyu yetu. Idi, mtoto pekee wa Haruna, alikuwa ndiyo kwanza anafungua garaji ya baba yake. Risasi ilimwingia kooni. Ulikuwepo, ulimwona Haruna akijaribu kuziba lile tundu kwa mikono yake yenye grisi, damu inatoka katikati ya vidole, na yeye anasema, "Ngoja, ngoja, ngoja," kama anayezungumza na injini inayovuja. Asiseme mtu kwamba sikumhurumia. Nilimshika kichwa mpaka walipomwondoa mtoto. Na wewe ndiye uliyeosha damu pale mlangoni, wakati hata ndugu zake walikuwa bado wamejifungia.

Kesho yake wanajeshi wa pozisyo, kile kituo chao cha darajani, wakapita na shefu wa mtaa. Majani yote ya mitaro na ya ukingo wa mto yaondoke kabla ya wiki kwisha, na nyumba itakayoonekana na majani marefu mbele yake itahesabiwa kuwa ni ya waasi. Sehemu uliyokuwa umeilima ilikuwa safi, lakini kuanzia avenyu yetu kushuka mpaka darajani hakukuwa na aliyewahi kugusa. Haruna akatoa pipa lake la vidanje. Wanaume wakakubali mara moja. Na wewe, mgeni, mtu wa Kamenge, ukaenda ukasimama mbele ya pipa la mtu aliyefiwa.

Mimi nilikuvuta nguo. Hukunisikiliza. Ukamwambia kwa heshima, "Mzee Haruna, pole ya mutoto. Lakini mafuta hii nani ataikunywa? Ni sisi. Itashuka ku lengalenga, itashuka ku mto, na majani itarudi tu. Mutupe nafasi, tutakata na mikono." Yule mkubwa wa wanajeshi hakujali. Alisema anataka akisimama darajani aone mbwa akipita, jinsi ya kufanya ni juu yetu. Lakini Haruna hakuondoa macho kwako. "Huyu mwanamke anatetea majani yaliyomuua mwanangu," alisema, na wanaume wakaanza kukutazama vibaya.

Tulikuwa wanawake wa avenyu nzima siku ile ya kwanza, na mapanga tuliyoazima. Ukatembea ukingoni ukatugawia sehemu. Mahali pa kila mmoja ukashika kishungi cha mabingobingo yaliyosimama, ukakisokota, ukakifunga fundo. Hili la Mama Mariamu, hili la Mama Kevini, hili langu, na la mwisho kule chini kabisa karibu na daraja, lako. Ulituambia kwenu mlimani mtu akikata majani ya kufunika kahawa akachoka, anafunga hivyo: hapa ni pangu, narudi, mtu asiguse. Na akirudi, analifungua mwenyewe. Tulikutania. Tukakuuliza kwa nini usiweke jiwe kama watu. Ukasema, "Jiwe inaibiwa." Tulicheka wote, na cheko lile ndilo la mwisho nililonalo kwako.

Sikuwepo walipokuja. Nilikuwa nimeenda nyumbani kuwaletea uji. Ninachokuandikia nimekipata kwa Mama Mariamu, na nataka nikuandikie ili ujue kwamba kuna aliyesimama upande wako.

Ilikuwa mchana, jua kali. Haruna alikuwa anapita akitoka makaburini kwa Idi, akaona mafundo. Moja, mbele kidogo jingine, na jingine, yanapanda kutoka upande wa daraja mpaka kwenye avenyu alipouawa mtoto wake. Na mji mzima ulikuwa unasema waasi wanaonyeshwa njia kwa alama. Yeye amezaliwa Buyenzi, baba yake amezaliwa Buyenzi, hajawahi kukata majani ya kahawa maishani mwake. Akakimbia. Akarudi na wanajeshi wawili na vijana wanaolinda kizuizi cha barabarani.

Wakauliza nani amefunga. Ukasema, "Ni mi," hukuacha hata kukata. Wakauliza ya nini. Ukasema, "Ni ya kazi. Kila mutu na pake." Wakauliza umetoka wapi. Ukasema Kamenge. Mama Mariamu akapiga kelele kwamba ni kweli, ni ya kazi, moja ni lake yeye, na mwanajeshi akamgonga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Meno yake ya mbele yamekwenda, Mama Alini. Kijana mmoja akanyoosha mkono akasema lete hiyo muhoro. Ukampa. Ulimpa mwenyewe, ukageuza mpini upande wake kama unavyompa mtu chombo, ulidhani anataka kuuangalia. Pigo la kwanza begani. La pili shingoni. Yaliyofuata Mama Mariamu hakuyahesabu, alikuwa amelala kifudifudi anameza damu yake. Wanajeshi walitazama tu, mmoja akasema risasi si za kupoteza.

Nilipofika walikuwa wameondoka. Uji ulinimwagikia miguuni, sikusikia kama unachoma. Ulikuwa chini ya mtaro, pale pasafi, na damu yako inakwenda taratibu na maji kuelekea kwenye lengalenga zetu. Nikaokota majani uliyoyakata mwenyewe. Nikakufunika kutoka kichwani mpaka miguuni, vizuri, na mtu aliyejaribu kunigusa nilimng'ata mkono. Sijui alikuwa nani.

Padri hakuweza kuvuka barabara siku ile. Wanaume wa msikitini ndio waliokubeba. Muhoro niliukuta kwenye matembele. Niliuosha, nikaunoa, na ndio ninaotumia. Wapo wanaoona vibaya. Mimi naona ungekuwa ubaya zaidi kuwaachia wao.

Hawakungoja hata udongo wako ukauke. Waling'oa mafundo waliyoyaona, wakamwaga vidanje mtaro mzima, wakawasha. Moshi ule mweusi ulikaa juu ya nyumba zetu tukakohoa masizi. Ikaungua mizizi ya ukingo, yakaungua matembele. Wakapeana mikono. Kisha mvua za kwanza zikaja na yakawa yale uliyoyasema. Ukingo hauna kitu cha kuushika, ukaporomoka ukajaza mtaro, maji yakaingia kwenye nyumba ya Mama Kevini mpaka kitandani. Lengalenga zikageuka rangi zikaoza. Milio ilipoanza tukaruka mtaroni kama kawaida yetu, tukatoka weusi, mafuta machoni na puani, na mtoto wa mdogo wangu alitapika usiku kucha mpaka akatoa damu. Na majani, Mama Alini? Ndago ilikuwa ya kwanza kurudi, imenona. Mafuta yaliua kila kitu isipokuwa kile yalichotumwa kuua.

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Nisiloweza kulivumilia ni jina walilokupa. Mwongoza-waasi. Walilisema kwenye bomba la maji, walilisema sokoni, na kwa kuwa wewe umekwenda wakamvika Alini. Siku moja alirudi na ndoo tupu, paji la uso limepasuka, damu imeingia jichoni. Walimpiga mawe. Aliniuliza, "Mama Sudi, ni kweli mama aliwaita wale watu?" Nilichukua mpini wa jembe nikaenda garajini.

Nilimpiga Haruna mbele ya mafundi wake. Nilimpiga kwenye mkono wake wa kushoto nikasikia mfupa unavunjika, na nilikuwa nautafuta mwingine waliponishika. Unajua alisema nini? Hakunitukana. Alikaa chini ameshika mkono wake, akasema, "Mama Sudi, mimi niliona mafundo kwa macho yangu." Nikamwambia yalikuwa yetu, moja langu. Akasema, "Alikudanganya." Alikuwa anaamini. Kwake mimi na Mama Mariamu tulikuwa wajinga wawili waliodanganywa na mtu wa Kamenge, na watu wa milimani wanaojua fundo lile ni nini hawakuthubutu kufungua mdomo, kila mmoja anaogopa kuulizwa ametoka wapi.

Nilianza tena mtaro. Wanawake wakarudi mmoja mmoja, Mama Mariamu na pengo lake wa kwanza. Tulichimba udongo wenye mafuta, tukaubeba mbali na maji, tukaleta mwingine. Tukapanda matembele upya. Sehemu moja tu sikuiruhusu iguswe, pale chini karibu na daraja. Fundo lako lilikuwa bado lipo. Hawakuliona, na moto haukufika kwa sababu ya unyevu. Kishungi kiliendelea kukua juu ya fundo, kikakupita urefu, na mimi nilikuwa nakwenda kukitazama tu.

Kisha majani ya juu yakatuzidi, maana tulikuwa wachache, na amri ikaja tena. Darajani sasa kuna wanajeshi wengine, wale wa zamani walipelekwa kwingine. Haruna akaja na madumu yake, mkono wake umepona umepinda. Nikaingia mtaroni nikasimama karibu na kishungi chako. Nikamwambia mwaga, lakini utanimwagia mimi. Akamwaga. Hakunimwagia kichwani, alimwaga juu kidogo, na yale mafuta yakashuka yakanifika miguuni, yakapanda kwenye kitenge. Akatoa kiberiti. Akasema, "Toka." Nikamwambia washa, uniue kama ulivyomuua mwenzangu, halafu uende ukaswali. Watu walikuwa wamejaa ukingoni.

Ndipo akashuka mwanajeshi mmoja kutoka darajani kuja kuona kelele za nini. Mtu mzima, mzito, mwenye lafudhi ya mlimani kuliko hata yako. Alishukia upande wa chini, akitelezea kwenye majani, na akasimama. Hakunitazama mimi wala Haruna. Alikuwa anatazama kishungi chako. Akakishika, akaligusa fundo kwa kidole.

"Nani aliishia hapa?" akauliza.

Akakipima kishungi kwa jicho mpaka kileleni.

"Mwenyewe amekawia sana," akasema. "Majani iko karibu ya kutoa mbegu. Mumuite akuje amalizie pake."

Haruna ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya mtu aliyeamka usingizini: si ni alama ya njia? Mwanajeshi akacheka. "Njia ya nani? Hii ni ya mutu anakata majani. Kwetu hata mutoto anajua." Nikamwambia mwenyewe hatakuja, wamemuua, wamemuua kwa hilo fundo, wakamkata na muhoro wake mwenyewe hapa nilipo. Akaacha kucheka. Alipanda ukingoni, akachukua kiberiti mkononi mwa Haruna, Haruna akakiachia tu, na mwanajeshi akarudi darajani bila kugeuka.

Haruna alikaa palepale chini mpaka watu wote wakatawanyika. Sikumwinua. Hii ni mara ya pili namwona mtu huyu ameporomoka mbele yangu, na mara hii sikumshika kichwa.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, alisimama msikitini. Sudi alikuwepo, ameniambia maneno yote. Alisema, "Yule mama wa Kamenge aliuawa na ulimi wangu. Yale mafundo yalikuwa ya kazi. Mtu akimwita mtoto wake jina baya, ananiita mimi." Wengine waliinamisha vichwa. Wengine walitoka wakisema Haruna amechanganyikiwa tangu afiwe, na hao wapo, bado nawasikia. Yule kijana aliyekuomba muhoro anapita hapa kila siku, ananunua sigara pale kwenye kona, ananisalimia. Hakuna wa kumshitakia. Namtazama shingo, naitikia salamu. Sijui nitaweza mpaka lini.

Lakini Alini anakwenda bombani. Jana mtoto mmoja alifungua mdomo, mama yake akamzaba kofi kabla hajamaliza neno. Alini alirudi na ndoo imejaa, ananisimulia huku akicheka, na kicheko chake kimeanza kufanana na chako.

Leo jioni, Haruna alipoondoka, niliteremka mpaka kwenye kishungi chako. Nilitaka kibaki. Nilikuwa nimejiapia kwamba hakuna atakayekigusa nikiwa hai, kwamba kitasimama pale mpaka kila mtu wa mji huu akione. Nikakuta kimechanua. Ukikipuliza tu, mbegu zinaruka, zinashuka na maji mpaka mto wote, na mwakani tunaanza upya na mapipa ya Haruna mwingine. Nikakusikia kabisa: "Mama Sudi, we unangoja nini?" Nikalia, sitakuficha, nililia nimepiga magoti kwenye maji. Halafu nikalifungua fundo. Najua si mimi niliyepaswa kulifungua. Lilikuwa gumu, ulikaza kweli. Nikakata kidogo juu ya udongo, nikaacha mizizi, nikakata sehemu yako yote mpaka daraja lilipoanzia, na majani nikayatandika ukingoni.

Kesho naanza ng'ambo ya daraja, ambako hakuna aliyewahi kugusa. Haruna nimemwambia aje na jembe. Nimekwisha kwenda kuweka alama, hadharani, wanajeshi wananitazama: nimesokota kishungi, nimekifunga. Fundo langu ni baya, halina umbo. Pembeni yake Alini amefunga lake, zuri kama yale yako, na sikumfundisha mimi.

Lala, Mama Alini. Huku hatutamwaga mafuta tena nikiwa na mikono. Pako pamemalizika.

Mimi mwenzako,
Mama Sudi